Bahasha ya kaki isiyo na jina

Mara ya kwanza nilidhani ni matatu iliyopiga breki. Nilikuwa nimesimama nishuke pale Jogoo Road, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umekumbatia madaftari ya Kidato cha Pili, mara giza likaanza kunifunga macho kutoka pembeni. Makanga akanidaka kwapani. "Mzee, pole pole. Gari imesimama kitambo." Kumbe aliyekuwa akiyumba ni mimi.

Mtaani kila mtu alikuwa na tiba yake. Mama mboga alinifungia managu na terere, eti damu imepungua. Mwalimu mwenzangu alisema ni njaa, maana huwa nafundisha hadi saa saba kwa kikombe kimoja cha chai ya rangi. Shemeji alisema ni umri, akacheka. Kwetu pwani wangeita kisunzi, wakafukiza ubani kwanza, maswali baadaye. Nilikubaliana na wote kwa zamu. Hakuna aliyetaja, na mimi mwenyewe sikuwaza, kwamba huenda kinachoniangusha ni dawa ninayomeza kila asubuhi bila kukosa.

Nina presha, mwaka wa sita sasa. Nilipokuwa nikiishi Kangemi, kliniki ilinianzishia tembe mbili: amlodipine, na nyingine ya kupunguza maji mwilini. Zikiisha nilikuwa napitia kemisti wa karibu, naye ananihesabia tembe kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake "1×1". Basi. Jina halipo, miligramu hazipo, tarehe ya kuharibika haipo. Nilipohamia Buruburu nikaenda kliniki nyingine. Daktari akapima, akaona presha bado iko juu, akaniandikia dawa mpya yenye pakiti nzuri na jina la kibiashara lenye herufi kubwa. Aliniuliza, "Kuna nyingine unayotumia?" Nikamjibu, "Ile tembe nyeupe ya presha."

Nyeupe! Mtu anayewakata wanafunzi alama kwa kutofafanua hoja. Nusu ya tembe za dunia hii ni nyeupe.

Wiki zilizofuata nilikuwa nikiamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, na misuli ya kigimbi inakaza hadi naumauma shuka. Sikuunganisha hayo na kizunguzungu. Kisha siku moja chaki ikaanguka, nikainama kuiokota, nikainuka, nikajikuta nimeegemea ubao kwa paji la uso. Darasa ambalo halijawahi kunyamaza kwa amri yangu likanyamaza lenyewe.

Muuguzi alinipima nikiwa nimelala: ile namba ya juu ilikuwa 124. Akanisimamisha, akangoja dakika moja, akapima tena: 96. Ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, hilo tayari ni jambo la kufuatiliwa. Lakini aliyekitegua kitendawili ni mfamasia, binti wa umri wa mwanangu. "Mwalimu, hebu nione mfuko wote," alisema, akavimwaga vitu vyangu vyote juu ya kaunta. Akaigeuza ile pakiti nzuri. Chini ya jina kubwa, kwa herufi za kutafutia miwani, iliandikwa losartan 50, hydrochlorothiazide 12.5. Akataka nilete cheti cha zamani cha Kangemi. Nikakileta kesho yake: hydrochlorothiazide 25. Dawa ile ile ya kupunguza maji ilikuwa inaingia kwa milango miwili. Daktari akaagiza damu ipimwe, sodiamu, yaani chumvi ya damuni, ikaonekana 129, na kawaida ni 135 hadi 145. Tembe ya bahasha, ile ya kupunguza maji, ikaondolewa. Baada ya wiki mbili nilikuwa nainuka kitini kama watu wengine.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa pakiti. Na nimegundua kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili alipaswa kukigundua zamani: majina ya dawa yana viambishi tamati! Zinazoishia -sartan ni ukoo mmoja: losartan, telmisartan. Enalapril ni ya ukoo wa -pril. Atenolol na propranolol ziko kwenye -olol, amlodipine na nifedipine kwenye -dipine. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa majina haya ya kimataifa tangu 1953, ili dawa moja ijulikane kwa jina moja popote ilipo. Kampuni hubandika jina lake la biashara juu, lakini lile la kweli lazima liwe hapo chini. Ukikuta tembe mbili za ukoo mmoja kwenye mfuko wako, rudi ukaulize.

Kuuliza, nasema, si kuacha. Jirani yangu aliposikia kisa hiki alitaka kutupa atenolol yake siku hiyo hiyo. Dawa za ukoo huo ukizikata ghafla, moyo unaweza kukugeukia vibaya. Na si kila kizunguzungu ni cha dawa: kikija na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika, hapo hakuna kusoma pakiti, ni hospitali mara moja.

Simlaumu sana daktari. Foleni ilifika mlangoni, na mgonjwa alimjibu kwa rangi. Ninachogombana nacho ni ile bahasha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika kikamilifu na anachonunua. Mtu akinunua unga anasoma jina la unga. Tembe za moyo tunazipokea kama njugu za kwenye karatasi.

Juzi mgongo ulinishika, nikaingia kwa kemisti mmoja karibu na stendi. Kijana akanihesabia tembe kumi, akaandika "1×3", akanisukumia.

"Inaitwaje?"

"Ni ya mgongo, mzee."

"Mgongo ni wangu. Dawa inaitwaje?"

Akashusha kopo: diclofenac. Nikamwonyesha karatasi ninayoiweka nyuma ya kitambulisho, yenye orodha ya dawa zangu. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akaguna. Hiyo na losartan, pamoja na ya kupunguza maji, zinaweza kuziumiza figo. Akazirudisha kwenye kopo, akatoa Panadol. Bahasha akachukua ile ile, akafuta "1×3", akanitazama, kisha akaandika jina kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, na kulipigia mstari mara mbili.