Viza Inahesabu Kivyake, Kodi Nayo Kivyake

Eti "fanya kazi popote duniani". Popote wapi, jamani? Aliyetunga maneno hayo hajakaa chini na kalamu akahesabu siku zake mbele ya serikali mbili. Zile picha za mtu ufukweni, laptopu mapajani, hazionyeshi bahasha ya makaratasi aliyoikalia.

Haya, viza. Viza ya utalii inakuruhusu kushangaa majengo. Kumjibu bosi barua pepe huku unashangaa, hapo kila nchi ina tafsiri yake, na nyingine zinaiita kazi bila kibali. Ndipo zikazuka viza za wanaofanya kazi mtandaoni: Estonia na Barbados 2020, Croatia 2021, kisha msururu. Karibu mgeni, ila mgeni aje na chake! Barbados wanataka kipato cha dola 50,000 kwa mwaka, na ada dola 2,000 kwa mtu mmoja. Japani wanataka yeni milioni 10 kwa mwaka, halafu wanakukaribisha miezi 6, haiongezwi. Hispania wanadai mara mbili ya kima chao cha chini cha mshahara, Ureno mara nne ya chao. Kima kikipanda mwaka mpya, wewe uliyekuwa umetosha Desemba unaamka umepungua, na mshahara wako haujaguswa.

Makaratasi ndiyo usiseme. Mkataba wa kazi, taarifa za benki, bima ya afya, barua ya mwajiri inayotamka wazi kwamba kazi yako inafanyika ukiwa mbali, na cheti cha polisi. Hicho cha polisi kina visa vyake. Lazima kiwe kipya, kisha kibandikwe apostili, yaani uthibitisho wa serikali kwamba hati ni halali, ya Mkataba wa Hague wa 1961, ndipo kiende kwa mtafsiri anayetambuliwa. Mpangilio ni huo huo, kwa sababu apostili nayo ni maandishi na mara nyingi inatakiwa itafsiriwe. Ukitafsiri kwanza, unalipa mara mbili. Na nchi yako ikiwa haimo kwenye mkataba huo, pole: wizara ya mambo ya nje kwanza, ubalozi baadaye. Ukija kumaliza, taarifa za benki zimeshazeeka na unaambiwa ulete mpya.

Tuseme umepata. Sasa hesabu. Kwa mgeni wa muda mfupi, Schengen, zile nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo 180 zinatembea na wewe. Ukisimama mpakani leo, wanatazama nyuma siku 180. Kutoka siku moja na kurudi hakufuti chochote. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa. Ndege ikitua saa 5:50 usiku, zile dakika kumi ni siku nzima. Afisa wa kodi wa Uingereza, yeye kwa kawaida anauliza ulikuwa wapi saa 6 usiku. Msafiri yule yule, pasipoti ile ile, hesabu mbili!

Marekani ndio wamekuja na sehemu za hesabu. Wanachukua siku zako zote za mwaka huu, theluthi ya za mwaka jana, na sudusi, yaani moja ya sita, ya za mwaka juzi. Zikifika 183, na mwaka huu umekaa angalau siku 31, umekuwa mkaazi wa kodi, yaani mtu wanayemtoza kama mwenyeji. Kwa hiyo mgeni anayekaa siku 122 kila mwaka kwa miaka mitatu ana 122, na 40 na theluthi mbili, na 20 na theluthi moja. Jumla 183 kamili. Hakufikisha hata nusu ya mwaka mmoja! Anaweza kujitetea kwa fomu 8840 ya mamlaka yao ya kodi kwamba maisha yake hasa yako nchi nyingine, lakini lazima aijaze. Kunung'unika hakuna fomu.

Halafu kuna wataalamu wa kijiweni: "Usifike siku 183, kodi haikuhusu." Nani kawaambia? Cyprus inaweza kukufanya mkaazi wa kodi kwa siku 60, ukitimiza masharti yake. Tena nchi nyingi zinahesabu kazi iliyofanyika ndani ya mipaka yake kuwa pato la pale, hata umekaa wiki. Kinachomwokoa mwajiriwa ni mkataba wa kuepuka kodi mara mbili: asizidi siku 183, mwajiri asiwe mkaazi wa pale, na mshahara usibebwe na tawi lililoko pale. Yote matatu. Nchi mbili zisipokuwa na mkataba, kinga hiyo haipo.

Na kuondoka kwenu si kuacha kuwa mlipakodi wa kwenu. Nchi mbili zinaweza kukudai ukaazi kwa mpigo, kama ndugu kwenye urithi. Mkataba wa kodi kati yao unaamua kwa zamu: nyumba ya kudumu iko wapi, kisha familia na mali, kisha unakokaa zaidi, kisha uraia. Ikishindikana, mamlaka mbili zikae zizungumze, nawe usubiri. Ushahidi wanaoutaka ni cheti cha ukaazi wa kodi. Tiketi ya ndege haitoshi.

Thailand ndio kichekesho. Viza yao ya wanaofanya kazi mtandaoni, DTV, ni ya miaka 5, na kila ukiingia unapewa siku 180. Ukaazi wa kodi unaanza siku ngapi ndani ya mwaka? 180! Na tangu 2024, pato la nje unaloliingiza nchini wanaliangalia kwa jicho jipya. Croatia angalau wana ubinadamu: mwenye viza hiyo hatozwi kodi ya kipato kwa kazi ya mwajiri wa nje. Ila Mmarekani asishangilie, kwao wanamfuata kwa uraia. Kuna msamaha ukikaa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12, lakini aliyejiajiri kwa kawaida bado anadaiwa ile 15.3% ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima yao ya afya ya wazee.

Sasa mpelekee bosi habari hizi. Mwambie kampuni huenda ikahesabiwa ina ofisi kule kwa sababu wewe unasaini mikataba ya wateja jikoni kwako, na kwamba michango ya hifadhi ya jamii huenda ikahamia nchi ambayo mhasibu hajawahi kuiandikia hata barua. Alikuwa ameshakubali. Atakuuliza swali moja tu: "Hivi ofisini kuna ubaya gani?"