Summer ni kiangazi au majira ya joto?

Wanaotafsiri habari za Ulaya wamegawanyika kambi mbili. Wengine summer kwao ni kiangazi, wengine wanashikilia majira ya joto, na kila upande una hoja.

Kiangazi ni neno letu la siku nyingi, la shina moja na mwanga na angaza. Ni fupi, linakaa vizuri kwenye kichwa cha habari. Taabu ni kwamba kiangazi chetu hupimwa kwa mvua kuliko kwa joto. Dodoma mvua ikishakatika kuelekea Mei, kiangazi kimeingia, nacho hubeba Juni na Julai, miezi ya kulalia blanketi. Pwani, joto la kukosesha usingizi huja na kaskazi, Desemba hadi Machi. Sasa chukua pakiti ya mbegu kutoka Uingereza inayosema zipandwe mwanzoni mwa summer. Ukiandika "panda kiangazi kinapoanza", mkulima wa Dodoma atafukia mbegu kwenye vumbi. London hunyesha hata Julai.

Asili ya neno lenyewe haihusu ukavu. Kiingereza cha kale kilisema sumor, Wajerumani wanasema Sommer, na ndugu yao katika Kisanskriti ni samā, yaani mwaka au nusu mwaka. (Summer ya maseremala, boriti nene inayobeba sakafu, ni neno jingine kabisa: limepitia Kifaransa kutoka kwa mnyama wa mizigo. Anayetafsiri vitabu vya ujenzi awe macho.)

Majira ya joto nayo yana kasoro, mbali na urefu. Olimpiki ya Rio 2016 ilifanyika Agosti, Brazil ikiwa kwenye majira ya baridi. Ile ya Sydney ilifunguliwa 15 Septemba 2000, majira ya chipuko kule. Kwa michezo hiyo, "Olimpiki ya kiangazi" ni jina tu, liachwe kama lilivyo.

Kwingineko, naona majira ya joto hayapotoshi sana kama kiangazi. Ila penye tarehe, taja miezi. Ulaya, watu wa hali ya hewa huhesabu 1 Juni hadi 31 Agosti; wanafalaki huanza 20 au 21 Juni, wakafunga 22 au 23 Septemba. Na tangazo la chuo cha Australia likisema masomo ya summer, andika Desemba hadi Februari, la sivyo mwanafunzi ataomba viza nusu mwaka nje ya wakati.