Kwenu kwenu kabisa

Nairobi huwezi kukaa mwezi bila kuulizwa kwenu ni wapi. Mwanamume hujibu kwa neno moja. Mimi hubaki nikijiuliza: kwa baba au kwa mume? Kwa baba nilishatolewa mahari, na kwa mume ni mgeni wa kudumu.

Ndiyo maana nikipita Majengo, pale Pumwani, nawawaza wanawake waliolichoka swali hili kabla yetu. Serikali ya kikoloni ilifungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mbali na Wazungu. Mji wenyewe ulipangiwa wanaume: aje, atundike kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, atumike, kisha arudi kwao. Mwanamke hakuhesabiwa. Wakaja hivyo hivyo, Wakikuyu, Wakamba, Wanandi, hata Wahaya kutoka Bukoba, mmoja akikimbia ndoa, mwingine njaa. Waliuza chakula, waliuza pombe, na ndiyo, wengine waliuza miili. Vijisenti hivyo vikawa nyumba za udongo, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, wakawapangisha wanaume wale wale waliodhaniwa ndio wenye mji. Wengi walisilimu, wakajifunga leso, wakaitwa Waswahili. Huko walikotoka wasingerithi hata kishamba cha viazi.

Leo ukitaja mabibi hao, watu hucheka na kusema, "Malaya wa Majengo." Kicheko hicho hunikera. Aliyekuja mjini kuuza jasho lake tunamwita baba wa familia. Aliyejenga nyumba kwa jasho lake tunamtafutia jina la kumtusi.

Majirani zao ni Eastleigh. Serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi Wasomali walipanga vyumba vya gesti ya Garissa Lodge, wakauza nguo humo humo walimolala. Gesti ikageuka soko, na maghorofa ya maduka yakafuata. Ni chumba tena, na mgeni tena. Wanawake wengi wana meza na vibanda vyao huko. Nairobi nzima huenda kununua mapazia kwao, kisha huwaita wakimbizi hata kama babu zao walizaliwa Garissa, humu humu Kenya. Aprili 2014 polisi waliwazoa maelfu, wengi wakashikiliwa uwanja wa Kasarani, na Wakenya wenye vitambulisho wakiwemo.

Katiba ya 2010 imemruhusu mama Mkenya kumpa mwanawe uraia hata akimzalia ng'ambo, jambo ambalo ile ya zamani ilimwachia baba. Nashukuru. Lakini katiba haisimami langoni.

Juzi nilikuwa naingia na jirani yangu, Msomali mzaliwa wa mtaa wa Pangani, Nairobi hii hii. Askari akamzuia.

"Kwenu ni wapi?"

"Pangani."

"Hapana, mama. Kwenu kwenu kabisa."

Mimi, niliyehamia hapa mwaka jana tu, hakuniuliza kitu.