Hata Bach alilegeza uzi

"Shoga, huyu sasa anakwaruza tu."

Rafiki yangu aliniambia hivyo sikioni Ijumaa usiku, katika kanisa moja hapa London, muziki wa Kaija Saariaho, mtunzi wa Finland, ukiwa katikati. Muziki wa mtunzi Bach ulikuwa umemliza dakika chache tu kabla. Mapumziko yalipofika akachukua koti lake, na safu mbili nzima mbele yetu zikainuka, zikaondoka. Siku tatu sasa jambo hili linanikaa kooni.

Mpigaji alikuwa peke yake: kiti kimoja, chelo moja, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa. Alianza na suti ya tano ya Bach, yaani mfululizo wa vipande vya dansi. Lakini kwanza alishika kigingi cha uzi wa juu akaulegeza mbele yetu, sauti ikateremka kutoka noti ya A mpaka G. Wengi siku hizi hawajisumbui. Yeye alifanya hivyo kwa sababu Bach ndivyo alivyoagiza, miaka mia tatu iliyopita, na chelo yote ikaingia kiza. Ile sarabanda yake, kipande cha dansi ya polepole, haina hata mahali pamoja panapopigwa nyuzi mbili kwa pamoja. Ni sauti moja baada ya nyingine, na bado sikio linasikia watu wawili wanaoagana. Hapo ndipo shoga yangu alipolia.

Basi aliyemliza ni mtu aliyekivuruga chombo kwa makusudi! Kodály naye, mtunzi wa Hungaria ambaye kazi yake ilipigwa baada ya mapumziko, mwaka 1915 aliagiza nyuzi mbili za chini zishushwe nusu toni kila moja. Tofauti iko wapi? Mkono wa kulia unavuta upinde, wa kushoto unadonoa nyuzi wakati huohuo, nami nikasikia kama kanuni, ile ala ya taarabu, imejificha ndani ya chelo. Benchi lilitetemeka chini yangu. Walioondoka hawakuyasikia hayo, na hilo ndilo linaloniuma.

Na hizo suti za Bach zenyewe tunazozililia, watu walizichukulia kama mazoezi ya wanafunzi, mpaka mpigaji chelo Pablo Casals, akiwa kijana wa miaka 13, alipozikuta katika duka la nota Barcelona. Alikuja kuzirekodi zote sita kati ya 1936 na 1939. Sikio hufunzwa. La kwetu lilifunzwa na mtu aliyekuwa na subira.

Nakubali, kati ya vile vipepeo saba vya Saariaho, ndivyo alivyoviita vipande vyake saba, kimoja kilinipita kabisa. Lakini pale upinde unaposogezwa karibu na kigogo kinachobeba nyuzi, sauti ikakonda mpaka ikawa pumzi, yule hakuwa anakwaruza. Alikuwa anatusogeza pasipo na wimbo wa kushikilia. Muziki huo ni wa mwaka 2000. Ni wa zama zetu, tusiukimbie.

Utotoni, Unguja, kwenye taarabu za harusi, mjomba wangu alikuwa akikaza nyuzi za fidla yake nasi watoto tukadhani wimbo umeshaanza. Tulikuwa tukinyamaza kimya. Chelo ilikaa nyuma, pesa za kutunza zikienda kwa mwimbaji.

Ijumaa, Kodály alipokwisha, nilikuwa nimehamia safu ya mbele iliyoachwa wazi. Tulipiga makofi mpaka mpigaji akarudi kitini. Hakuanza mara moja. Aliinama, akazikaza zile nyuzi mbili polepole, nami nikanyamaza mpaka zikarudi mahali pake.