Upasuaji au mionzi: madaktari wawili wanapotofautiana kuhusu saratani ya mlango wa kizazi

Tuseme mama wa Newala, Mtwara, amepata majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa: saratani ya mlango wa kizazi, bado iko hatua za mapema. Daktari bingwa wa kwanza anashauri upasuaji. Familia inatafuta wa pili, naye anasema asipasuliwe, aende Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, apate mionzi pamoja na dripu za tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani. Kikao cha ukoo kinakaa, mjomba anaitwa, na mjadala mzima unageuka kuwa daktari yupi ni mkubwa kuliko mwenzake. Mimi naona mjadala huo unampotezea mgonjwa muda, kwa sababu katika hatua hizi wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1997 uliwagawa wanawake 343 wenye saratani ya hatua ya IB (iliyo bado kwenye mlango wa kizazi tu) na IIA (iliyofika sehemu ya juu ya uke) katika makundi mawili, moja la upasuaji na jingine la mionzi. Baada ya miaka mitano, asilimia 83 walikuwa hai katika makundi yote mawili. Tofauti ilionekana kwenye madhara: makubwa yaliwapata asilimia 28 ya kundi la upasuaji, dhidi ya asilimia 12 ya kundi la mionzi. Na wengi wa waliopasuliwa hawakuishia hapo. Asilimia 64 walihitaji mionzi baadaye, na kwa wenye uvimbe uliozidi sentimita 4, asilimia 84. Kupata tiba zote mbili ndiko kulikoumiza zaidi.

Kwetu Kusini takwimu hizo zina uzito wa pekee. Familia nyingi hupenda upasuaji kwa sababu unaonekana mfupi: siku kadhaa wodini, nyuzi zinatolewa, mama anarudi kwake. Mionzi ni kuhama. Mtwara na Lindi hakuna mashine yake, na kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mionzi ya nje kwa kawaida ni mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha inafuata ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa kupitia uke hadi karibu na uvimbe. Kuna chumba cha kupanga, chakula, nauli za mjini, na ndugu wa kumsindikiza ambaye naye ameacha shamba. Anayelipima hilo asiitwe mchoyo, maana wapo wagonjwa walioacha tiba katikati kwa kuishiwa tu.

Lakini uvimbe ukiwa mkubwa, upasuaji haufuti safari ya Dar. Unaiahirisha tu, na mgonjwa anaianza akiwa na kidonda kibichi na mfuko wa pesa ambao umeshatobolewa mara moja. Kwa hiyo daktari wa upasuaji aulizwe wazi: kwa ukubwa wa uvimbe huu, kuna uwezekano gani kwamba nitahitaji mionzi baada ya wewe kumaliza? Akisema uwezekano huo ni mkubwa, mimi ningeshauri mama aende kwenye mionzi moja kwa moja. Tangu 1999 tiba hiyo imeimarika kwa kuongezewa dawa ya sisplatini kila wiki, ingawa inahitaji figo nzima, kwa hiyo vipimo vya figo visirukwe.

Kwa mwanamke wa miaka 35 mwenye uvimbe wa sentimita 3, ningeegemea upande wa upasuaji. Mionzi ya nyonga huzima ovari, hedhi inakoma mapema pamoja na joto la mwili, uke kukauka na mifupa kudhoofika. Inaweza pia kuubana uke na kusumbua utumbo na kibofu kwa muda mrefu. Upasuaji huondoa kizazi, lakini mara nyingi ovari zinaweza kubakizwa. Hapa nina sharti moja ambalo silegezi: uwe upasuaji wenyewe. Kutoa kizazi kwa namna ya kawaida, kama anavyofanyiwa mwenye faibroidi, hakutoshi kwa uvimbe kama huu. Unaohitajika ni upasuaji mpana, unaoondoa pia nyama za pembeni mwa mlango wa kizazi, sehemu ya juu ya uke na tezi za nyonga. Aulizwe daktari ni upi anaokusudia, na kama yeye mwenyewe huufanya mara kwa mara. Asipojibu vizuri, hata uvimbe mdogo unastahili safari.

Mara nyingine ushauri hutofautiana kwa sababu madaktari hawakuona kitu kilekile. Mmoja alipima kwa mkono, mwingine ana picha ya MRI inayoonyesha tezi zilizovimba. Kabla ya kuchagua, kila mmoja aelezwe alichosema mwenzake, na vioo vya maabara vyenye kile kinyama visomwe upya pale penye shaka. Huenda tofauti ikaisha hapohapo.

Halafu pesa. Wengi husubiri minada ya korosho, inayoanza Oktoba, na mgonjwa aliyegundulika Machi hawezi kusubiri hadi huko. Ila kuanza mionzi na nauli ya wiki mbili nako ni hatari: tiba yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane, na kila siku inayorukwa hupunguza uwezekano wa kupona. Kwenda kuwasalimu watoto nyumbani katikati ya tiba ni kujitia mashakani, na waliokuwa safarini Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi, wanajua jinsi njia hii inavyoweza kufunga ghafla. Mjomba akichangisha, achangishie miezi miwili kamili ya Dar.

Na mama mwenyewe awepo kikaoni. Hedhi kukoma, uke kubana, au miezi miwili mbali na mtoto anayenyonya ni mambo ambayo atayaishi yeye. Pale ambapo kipimo kinaonyesha njia zote mbili zinalingana, neno lake litangulie la mjomba.