Toleo moja kwa wateja wote

Mazungumzo ya kununua programu ya wingu, yaani inayoendeshwa kwenye kompyuta za muuzaji na kutumiwa kupitia intaneti, hayafiki mbali kabla mtu hajauliza: "Data yetu itakaa peke yake?" Muuzaji akijibu kwamba programu ni moja na kanzidata, yaani hifadhi ya data, ni ya pamoja, watu huanza kusita. Papo hapo linazuka dai la seva yetu, kanzidata yetu, nakala yetu ya programu. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu taarifa za mishahara na za wateja si kitu cha kuweka ovyo. Lakini nimefanya kazi ya kujenga na kutunza programu za biashara muda wa kutosha kuamini kwamba, kwa wateja walio wengi, dai hilo huwaumiza wao wenyewe. Na huwaumiza zaidi palepale wanapodhani linawalinda, yaani kwenye usalama.

Tuelewane kwanza. Katika mfumo wa wapangaji wengi, programu ni moja, inaendeshwa kwenye seva zilezile, na mara nyingi kanzidata ni ileile, ila kila kampuni huona data yake tu. Ni kama jengo la ghorofa: msingi, paa na mabomba ni vya wote, lakini kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake. Njia ya pili ni kumpa kila mteja nakala yake kamili, kuanzia programu hadi kanzidata. Katikati ya hizo mbili kuna mchanganyiko wa kila namna, kwa mfano programu ya pamoja ambayo kila mteja ana kanzidata yake.

Kushirikiana kompyuta ni jambo la zamani. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kubwa kwa wakati mmoja. Mfumo huohuo hutajwa miongoni mwa ya kwanza kutumia nywila, na sababu yake iko wazi: watu wengi kwenye mashine moja, kila mmoja ana mafaili yake, basi lazima pawe na namna ya kutenganisha ya huyu na ya yule. Ulinzi wa aina hiyo ulizaliwa kwa sababu ya kushirikiana.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilichipuka kampuni zilizokodisha programu kupitia intaneti, na nyingi zilichukua programu zilizotengenezwa na wengine kisha zikamwekea kila mteja nakala yake. Kila mteja mpya alikuja na usakinishaji mpya, marekebisho mapya, watu wapya wa kuitunza. USinternetworking, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa za aina hiyo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2002. Kuporomoka kwa soko la kampuni za intaneti kulichangia sana, sikatai, lakini biashara ambayo gharama zake hukua sambamba na idadi ya wateja haina mahali pa kupumulia. Salesforce, kampuni ya programu za kuhudumia wateja na mauzo iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijenga mfumo mmoja wa pamoja. Hadi leo hutoa matoleo makubwa matatu kwa mwaka, na wateja wake huhamia toleo jipya wote, mkubwa kwa mdogo.

Hapo ndipo penye faida ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, na naona inatajwa kidogo mno kwa sababu wauzaji hupenda kuanza na bei. Toleo ni moja. Kosa likirekebishwa, limerekebishwa kwa kila mtu.

Kumbuka Desemba 2021, ulipotangazwa mwanya wa usalama ulioitwa Log4Shell katika Log4j, kipande cha programu kilichoandikwa tayari na kinachotumiwa ndani ya programu nyingi mno zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, kwa sababu mshambuliaji aliweza kuendesha msimbo wake, yaani maagizo yake ya kompyuta, kwenye seva yako kwa kutuma tu maandishi ambayo programu ingeyaandika kwenye daftari lake la matukio. Kiraka cha kwanza, yaani rekebisho la kuziba mwanya, kilikuja na toleo la 2.15.0. Muda si mrefu ikabainika hakitoshi, likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, yote ndani ya mwezi huohuo. Sasa fikiria mtoa huduma mwenye mfumo mmoja: alisasisha, akasasisha tena, akasasisha mara ya tatu, na kila mara wateja wake wote walifunikwa kwa pamoja. Fikiria na yule mwenye wateja mia tatu, kila mmoja na nakala yake. Kazi ileile aliizidisha mara mia tatu, kisha mara tatu tena. Na wakati anaifanya, ni mteja gani alikuwa wa mwisho kwenye foleni?

Jibu nalijua, kwa sababu niliwahi kufanya kazi katika kampuni iliyoendesha programu kwa mtindo huo. Mteja mkubwa, mwenye mkataba mnono, huhudumiwa kwanza. Mdogo husubiri. Hakuna mtu aliyekaa akapanga hivyo kwa ubaya. Saa za wahandisi hazitoshi, na simu ya mkubwa hupokelewa haraka zaidi. Kadiri muda ulivyokwenda, nakala zilitofautiana: huyu aliomba ripoti yake maalumu, yule alikataa kusasisha kwa kuhofia kuvuruga ufungaji wa mahesabu ya mwaka, mwingine yuko kwenye toleo ambalo aliyelielewa vizuri alishaacha kazi. Tukigundua kosa katika kukokotoa kodi, ilibidi kwanza tutafute nani ana toleo gani, kisha tuandike rekebisho lilelile upya kwa kila toleo, kisha tulijaribu kila mahali. Wateja hao waliamini kwamba wako salama kwa kuwa wako peke yao. Kumbe wengine walikuwa peke yao na programu mbovu.

Ndiyo maana neno "kujitenga" pekee halinitoshi kama hoja ya usalama. Seva ya peke yako isiyosasishwa imejitenga na wateja wenzako, lakini haijajitenga na mshambuliaji. Katika mfumo wa pamoja, kampuni yenye wafanyakazi watano hulindwa na wahandisi walewale, viraka vilevile na ufuatiliaji uleule wa usiku na mchana unaolinda kampuni yenye wafanyakazi elfu tano. Ningekuwa na biashara ndogo, hilo tu lingetosha kuniamulia.

Bei nayo ina nafasi yake. Faida hutokana na ukweli kwamba wateja hawafikii kilele cha matumizi saa ileile. Tuchukue mfano wa kubuni: wateja mia moja, kila mmoja anahitaji uwezo wa vipimo kumi siku ya kazi nyingi, lakini siku za kawaida hutumia kimoja. Ukiwapa seva zao, lazima ununue vipimo elfu moja ambavyo muda mwingi vitakaa bure. Ukiwaweka pamoja, na kama vilele vyao vimetawanyika, huenda mia mbili vikatosha. Lakini angalia sharti hilo. Kama programu ni ya mishahara na kila mteja hulipa tarehe thelathini, vilele vitagongana na akiba yako itapungua sana. Kushirikiana kunalipa vizuri zaidi wateja wakiwa wa shughuli tofauti na wa saa tofauti za dunia, na mtoa huduma anayekuahidi bei ya chini bila kulijua hili atakuja kukuonyesha mfumo uliokwama mwisho wa mwezi.

Sasa hofu yenyewe: data ya mmoja kuonekana na mwingine. Hofu hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Katika muundo wa kawaida wa pamoja, ankara za wateja wote hukaa kwenye jedwali moja, na kila mstari una namba ya mpangaji wake. Programu ikiomba ankara, lazima iseme "za mpangaji huyu tu". Msanidi programu akisahau sharti hilo mara moja, kwenye ripoti moja isiyofunguliwa mara kwa mara, mambo yameharibika. Kutegemea kumbukumbu ya binadamu hapo ni uzembe. Njia sahihi ni kuipa kanzidata yenyewe kazi hiyo. PostgreSQL, programu ya kanzidata inayotumiwa sana, tangu toleo la 9.5 lililotoka Januari 2016, ina ulinzi wa kiwango cha mstari: unaandika sera mara moja, na kanzidata huweka sharti hilo kwenye kila ombi, hata msanidi akisahau. Ila kuna mtego ambao wengi hawauoni. Akaunti inayomiliki jedwali haibanwi na sera hiyo mpaka uilazimishe kwake pia, na mtumiaji mwenye mamlaka yote huivuka daima. Programu yako ikiingia kwenye kanzidata kwa akaunti iliyounda majedwali, na hukuilazimisha, sera ipo kwenye msimbo lakini haimzuii mtu.

Kanzidata ikishafungwa vizuri, tazama kwingine: kache, yaani hifadhi ya muda ya majibu yaliyokwisha kuandaliwa, ambayo ufunguo wake hauna namba ya mpangaji, kwa hiyo ripoti ya kampuni moja inahifadhiwa na kupewa ya pili, kazi za usiku zinazoendeshwa bila kujua ni za nani, mafaili yaliyopakiwa ambayo anwani yake inabahatishika. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni rahisi. Kila jaribio la kiotomatiki lianze na wapangaji wawili, si mmoja, na lifeli endapo wa pili ataona chochote cha wa kwanza.

Makampuni makubwa nayo yamewahi kuteleza. Agosti 2021 watafiti wa Wiz, kampuni ya usalama wa wingu, walionyesha kwamba kupitia kipengele cha Jupyter Notebook, cha kuchambulia data, katika Azure Cosmos DB, huduma ya kanzidata ya Microsoft, waliweza kupata funguo za kanzidata za wateja wengine. Microsoft ilizima kipengele hicho ndani ya saa 48 baada ya kuarifiwa, jambo ambalo nakala mia tatu zilizotawanyika haziruhusu. Hata hivyo wateja waliotakiwa kubadilisha funguo zao ilibidi wafanye hivyo wenyewe. Kushirikiana huharakisha tiba, na wakati huohuo hupanua jeraha. Anayetetea mfumo huu, kama mimi, lazima ayaseme yote mawili.

Kuna pia jirani mlafi, yule anayeendesha ripoti nzito na kuwapunguzia wenzake kasi. Salesforce humwekea kila mteja mipaka. Katika muamala mmoja wa kawaida, msimbo wa mteja hauruhusiwi kuuliza kanzidata zaidi ya mara 100. Wasanidi hulalamika sana kuhusu mipaka hiyo. Mimi naiona ni heshima kwa wengine walio ndani, na mara nyingi msimbo unaougonga mpaka huo ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Amazon wameeleza njia nyingine nzuri: ukiwa na seva nane na kila mteja akapewa mbili, kuna jozi 28 zinazowezekana. Mteja mmoja akizilemea seva zake mbili hadi zikaanguka, wanaokosa huduma kabisa ni wale tu wenye jozi ileile, takribani mmoja kati ya 28. Waliobaki wana angalau seva moja iliyo hai.

Wapo ambao mfumo wa pamoja hauwafai: jeshi, taasisi ambayo sheria inaitaka data yake isitoke kwenye mashine zake, au mteja mkubwa kiasi kwamba akiingia anawameza wote. Hao walipie nakala yao na wajue wanalipia nini. Sharti la data kubaki ndani ya nchi, ambalo hutajwa mara nyingi kama kikwazo, kwa kawaida hutatuliwa kwa kuwa na mfumo wa pamoja katika kila eneo, si kwa kumpa kila mmoja seva yake.

Ukienda kununua, basi, swali la kama data yako itakaa peke yake lisikutangulie. Uliza watakavyoirudisha ikipotea. Aprili 2022 msimbo mfupi wa kufuta programu ya zamani huko Atlassian, kampuni inayouza programu za kusimamia kazi za timu, ulipewa namba za tovuti za wateja badala ya namba za programu iliyokusudiwa, na wateja 775 wakapoteza huduma, baadhi yao kwa takribani wiki mbili. Nakala rudufu zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia iliyo tayari ya kuwarudisha wateja wengi kwa mpigo ndani ya mfumo ambao maelfu ya wengine walikuwa wakiendelea kuutumia. Kwa hiyo mwombe mtoa huduma achukue mpangaji wa majaribio, amfute, kisha amrudishe mbele yako bila kuwagusa wengine, na akuambie ilimchukua muda gani. Mwenye mfumo mzuri atakuwa ameshalifanya zoezi hilo kabla hujafika.