Nyumba ya wanawake ilitangulia bunduki

Februari 1999 nilikuwa darasa la sita hapa Nairobi, na mji ulikuwa haujapoa kutokana na bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti iliyotangulia. Jioni moja msomaji wa taarifa alijikwaa kwenye jina: Öcalan. Kumbe kiongozi huyo wa PKK, chama cha Wakurdi waliopigana na Uturuki kwa silaha, alikuwa amefichwa kwa takriban wiki mbili katika makazi ya balozi wa Ugiriki, kwetu hapa hapa. Tarehe 15 akatolewa kupelekwa uwanja wa ndege, na safari ikaishia mikononi mwa majasusi wa Uturuki. Mara tukasikia Wakurdi wamevamia balozi za Ugiriki na za Kenya huko Ulaya. Baba akapunguza sauti ya redio, akauliza, "Sasa hawa sisi tumewakosea nini?" Mama akamwambia ale, chakula kinapoa.

Nilimkumbuka baba mwaka 2014, Kobani, mji wa Wakurdi kaskazini mwa Syria, ilipozingirwa na Dola la Kiislamu na runinga zote zikajaa mabinti wa nywele za kusuka walioshika Kalashnikov. Yule mfungwa wetu wa Nairobi alikuwa bado kifungoni kisiwani Imrali, Uturuki. Gerezani humo alikuwa amesoma maandishi ya mwanafikra Mmarekani Murray Bookchin, akaachana na ndoto ya dola la Wakurdi, akaanza kuhubiri watu wajitawale kuanzia mtaani. Alihubiri pia kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa wa kwanza kutiwa utumwani, kwa hiyo ukombozi wowote usioanzia kwake ni bure. Wafuasi wake wa kaskazini mwa Syria, pande wanazoziita Rojava, walipata nafasi ya kulijaribu neno hilo Julai 2012, jeshi la Rais Assad lilipoondoka sehemu kubwa ya miji yao.

Nami picha za mabinti wale nilizipenda. Moja niliiweka kwenye simu. Ila nadhani zilitupoteza. Jeshi la wanawake, YPJ, lilitangazwa Aprili 2013. Nyumba ya kwanza ya wanawake, Mala Jin, ilifunguliwa mjini Qamishlo mwaka 2011, Assad akiwa bado na askari wake mjini humo. (Jin kwa Kikurdi ni mwanamke. Rafiki yangu wa Mombasa nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Tuendelee.) Nyumba ilitangulia, bunduki ikafuata. Mimi naona mapinduzi yenyewe yalikuwa pale nyumbani.

Mala Jin si mahakama wala kituo cha polisi. Ni chumba chenye magodoro yaliyopangwa kuzunguka kuta, birika la chai ya rangi, na kina mama watu wazima, wengi wao wasio na shule ya kutaja. Anaingia mke aliyepigwa, au binti anayetaka kuozwa kwa nguvu, au dada ambaye kaka zake wamegawana shamba la marehemu wakamruka. Anasikilizwa. Kisha anaitwa mume, au baba, au kaka, naye anakalishwa pale pale mbele ya wanawake ambao labda walimjua tangu anatambaa. Wakielewana, maneno yanaandikwa karatasini na pande zote mbili zinatia sahihi. Akikaidi, kesi inapanda mahakamani, na kuna askari wanawake wa usalama wa kumfuata.

Kwetu mwanamke aliyepigwa akienda kwa mzee wa mtaa huambiwa arudi akavumilie. Kikao hicho sote tunakijua. Rojava waliacha kikao, wakabadilisha waliokaa kwenye viti.

Nyuma ya kina mama hao ikaja sheria. Mwaka 2014 utawala wa Cizîrê, eneo la Qamishlo, ulipiga marufuku ndoa za walio chini ya miaka 18 na ndoa za mitala, ukasema binti arithi sawa na kaka yake na ushahidi wa mwanamke uhesabiwe sawa na wa mwanamume. Kwenye maeneo ya Waarabu yaliyoingia baadaye mikononi mwa utawala huo, wazee wa makabila waliipinga, na mahali pengine utekelezaji ukalegezwa. Silishangai hilo. Sheria ya mirathi inagusa shamba, na shamba halina mzaha popote duniani.

Sasa nije kwenye lile linalonikera kama Mkenya. Katiba yetu ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge limekataa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 Jaji Mkuu alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Kule Rojava kila cheo cha uongozi wa umma kiliwekewa wenyeviti wawili, mwanamke na mwanamume, na mwaka 2014 mabaraza yakawekewa kima cha chini cha asilimia 40 kwa kila jinsia. Lakini nambari hizo peke yake zisikuvutie, kwa maana viti vya wanawake hata sisi tunavyo, na tunajua jinsi vinavyogawiwa na wakubwa wa vyama. Tofauti ni kwamba kule wanawake wana mabaraza yao wenyewe kuanzia mtaani hadi juu, chini ya mwavuli wa Kongra Star. Huyo mwenyekiti mwanamke huchaguliwa na wanawake. Hana mwanamume wa kumshukuru kwa kiti. Na jambo linalowahusu wanawake, baraza lao likishaamua, baraza la mchanganyiko haliwezi kulitengua.

Ngazi ya chini kabisa ni komîn, yaani kaya za mtaa mmoja zinazokutana kujadili mkate, jenereta, dizeli ya majiko ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi, na ugomvi wa majirani. Mtu wa Tanzania atasema hiyo ni nyumba kumi. Umbo linafanana, ila nyumba kumi ziliundwa na chama kutoka juu. Komîn inakusudiwa itoke kwa watu iende juu.

Nasema inakusudiwa kwa sababu chama kipo. PYD, chama cha Wakurdi wanaofuata mawazo ya Öcalan, ndicho kilichoshika usukani, picha za Öcalan zimetundikwa kila ofisi, na wapinzani wa Kikurdi wamewahi kukamatwa. Kitu kingine kinaniuma zaidi: waliingiza watoto jeshini, wasichana wakiwemo. Human Rights Watch walilisema tangu 2014, na mwaka 2019 kamanda wao Mazloum Abdi alikwenda Geneva kutia sahihi ahadi kwa Umoja wa Mataifa kwamba itakoma, lakini malalamiko hayakuishia hapo. Binti wa miaka 15 akikimbia kuozwa, halafu akavishwa gwanda, mimi siwezi kumwita aliyekombolewa.

Ndiyo maana nairudia ile nyumba. Kenya tulikuwa na Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyepewa msituni cheo kile kile cha Dedan Kimathi. Uhuru ulipokuja, baraza la kwanza la mawaziri halikuwa na mwanamke, na waziri wa kwanza mwanamke tulimsubiri hadi 1995. Bunduki ilimfikisha Muthoni mpaka ukingo wa msitu. Kule nje hapakuwa na chumba kinachomngoja.

Maadui wa Rojava nadhani walilielewa hili kabla yetu. Hevrin Khalaf hakuwa askari. Alikuwa mhandisi na katibu mkuu wa chama cha siasa, na kazi yake ilikuwa kuzungumza na wazee wa Kiarabu, Wakurdi na Wakristo. Tarehe 12 Oktoba 2019, Uturuki ilipovamia kaskazini, wanamgambo waliokuwa upande wa Uturuki walisimamisha gari la Hevrin kwenye barabara ya M4, wakamtoa, wakamuua. Alikuwa na miaka 34.

Assad alianguka Desemba 2024. Machi 10, 2025, Mazloum Abdi na rais mpya Ahmed al-Sharaa walitia sahihi makubaliano ya kuziingiza taasisi za kaskazini-mashariki, za kiraia na za kijeshi, katika dola la Syria. Yana vipengele vinane. Nimevisoma vyote nikitafuta neno mwanamke, nikarudia nikidhani nimeliruka. Mwisho wa mwezi huo Damascus ikatangaza serikali ya mawaziri 23. Mwanamke alikuwa mmoja. Alipewa wizara ya ustawi wa jamii.